Shajara ya mradi: Watu sita kutoka Amu kwenda kuiona Mvita

14 Januari. Kibubu

Leo seremala wa mtaani ametuletea kibubu cha mbao, tundu moja juu, mlango hakuna. Mradi umeanza. Agosti, shule zikifungwa, nataka kuipeleka familia Mombasa, ndiyo Mvita kwa jina lake la kale, kwa siku sita, na safari hii si ya harusi, wala matanga, wala hospitali. Hizo ndizo sababu pekee zilizotufikisha huko miaka yote. Tunashuka kwenye basi, tunalia au tunapiga vigelegele, tunarudi Amu, yaani Lamu. Mji wenyewe hatujawahi kuutazama.

Naandika kila hatua kwa sababu nilipouliza mitaani kwetu, huku Mkomani na kule Langoni, ni nani amewahi kuchukua watoto na mzee akaenda kutembea tu, na ilimgharimu pesa ngapi, nilijibiwa kwa kicheko. Atakayetaka kuiga, aige. Makosa yangu yote yamo humu.

Wasafiri: mimi; mume wangu Baba Aisha, nahodha wa boti, mzaliwa wa Faza; mamangu mzazi, mwenye miaka sabini na moja na goti moja lisilomsikiliza; na watoto, Aisha, kumi na minne, Athman, kumi, na Swabra, mitano. Bajeti ni shilingi 35,000, yaani 5,000 kila mwezi kwa miezi saba. Baba Aisha ametia 200 za kwanza, kisha akauliza kama kibubu kinafunguka. Hakifunguki.

22 Juni. Ratiba ya kwanza (msiinakili)

Jioni tatu mfululizo nimekaa na daftari. Nina orodha ya sehemu kumi na nne kwa siku mbili: Pembe za Ndovu, Mwembe Tayari, Marikiti, Ngomeni (Fort Jesus), Mji wa Kale, Msikiti wa Mandhry, Bandari ya Kale, Mama Ngina, feri ya Likoni, na kadhalika. Kila mahali nimepapangia dakika arobaini. Nimewaandikia watoto na maswali thelathini ya kujibu, kila swali na nafasi yake chini.

Aisha ameyapitia, akanirudishia. "Mama, huu ni mtihani."

Nikamwambia ni elimu. (Nimeirudia sehemu hii leo, 17 Agosti, na nimeiacha kama ilivyokuwa ili mwone nilivyokuwa najiamini.)

28 Julai. Tiketi na chumba

Tiketi za basi nimekata mapema, viti vitano, 1,700 kila kimoja. Swabra atapakatwa. Wakati wa likizo viti hujaa, kwa hiyo hapa sikukosea.

Chumba nimekipata kwa simu. Picha zilionyesha nyumba ya zamani Mji wa Kale, dirisha la mbao linatazama maji, kitanda na chandarua cheupe. Mwenyewe ameomba amana ya 4,000, nikatuma. Nilimuuliza bei, nikamuuliza kama kuna feni, nikamuuliza kama msikiti uko karibu. Niliyoyasahau kumuuliza yanakuja hapo chini.

10 Agosti. Njiani

Tumeondoka kabla ya jua. Kusi linavuma, mlango wa bahari una mawimbi, na boti ya kwenda Mokowe ilituloweza sote isipokuwa Baba Aisha, aliyejua pa kukaa na hakumwambia mtu.

Kosa la kwanza lilitokea mapema. Kwenye kizuizi askari walisimamisha basi, abiria wote chini, kila mtu na kitambulisho chake mkononi. Cha Mama kilikuwa ndani ya sanduku, sanduku liko kwenye buti la basi, na juu yake magunia ya watu wengine. Konda akafungua, akapakua, sanduku likafunguliwa mbele ya abiria sitini, kanga za Mama zikapepea. Tuliwachelewesha kama robo saa, na nyuso nilizoziona sizisahau. Askari alikuwa na adabu zake. Akasema, "Shikamoo Mama, kitambulisho kikae kifuani, si kwenye nguo."

Dawa yake: tulipofika mji wa Hindi nilinunua kipochi cha kamba, kikaning'inia shingoni mwa Mama safari nzima. Mna nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto? Zibebeni pia, zinasaidia kwenye viingilio.

Njia ni ndefu, zaidi ya kilomita 300, na baada ya Witu watoto walianza kusumbua. Hapo Mama akaokoa jahazi. Bila kuulizwa akaanza kusimulia Vita vya Shela: jinsi Mazrui, watawala wa Mombasa wakati huo, na watu wa Pate walivyokuja kuipiga Amu, karibu mwaka 1812, wakashukia Shela, wakapigwa, na walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani. Mama husimulia kama aliyekuwapo, anahesabu hata maiti. Konda akageuka kusikiliza.

Athman akauliza, "Kwa hiyo Bibi, tunakwenda kwa maadui?"

"Tunakwenda kwa mama yako mkubwa," Mama akasema. "Lakini ndiyo."

Basi liliposimama Malindi, Baba Aisha naye akatia lake. Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498 mambo yakaharibika, akapanda juu hadi Malindi, na huko mfalme wa Malindi akampokea na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, Bara Hindi. Malindi na Mombasa walikuwa hawapatani, na Mreno alifaidika na hilo.

Athman akafikiri mpaka Gede tumeshaiacha nyuma na Kilifi inakaribia. "Na sisi? Sisi wakati huo tulikuwa upande gani?"

Hakuna aliyemjibu. Yale maswali thelathini niliyaacha ndani ya mkoba, na hili likabaki peke yake.

Jioni, Mombasa. Nyumba ya kwenye picha ipo kweli, na dirisha linatazama maji kweli. Iko ghorofa ya tatu. Ngazi ni thelathini na nane, nyembamba, za mawe, mwinuko kama wa mkwezi wa mnazi. Mama alizitazama kutoka chini, akashika ukuta, akasema kwa Kiamu chake, "Mwanangu, mimi siendi yuu huko."

Ningemlaumu mwenye nyumba, lakini hakusema uongo. Sikuuliza. Na la kuchekesha ni kwamba hata kwetu Amu Mama amehamia chumba cha chini mwaka wa pili sasa kwa sababu hiyo hiyo. Amana haikurudi. Niliomba, nikajibiwa kwamba chumba kipo, ni sisi tusiokitaka.

Nikampigia Dada, mtoto wa mama yangu mkubwa, aliyeolewa Kibokoni. Sikutaka kumpigia mapema kwa sababu watu sita ni mzigo, na yeye ana watoto wake wanne. Akanigombeza kwa nusu saa: nimefika Mvita na nimekwenda kulipa chumba kwa watu? Tukalala kwake, nyumba ya chini, wanawake ndani, wanaume ukumbini.

Wanaopanga safari na mzee, ulizeni haya matatu kabla ya kutuma pesa: ngazi ngapi, choo kiko wapi, na maji ni ya nini. Hilo la mwisho nimelijua asubuhi. Mitaa ile maji ya kisima ni ya chumvi. Ya kunywa na kupikia hununuliwa kwa madumu kutoka kwa mwenye mkokoteni. Tulichangia ya siku zote, 600.

12 Agosti. Mpango umevunjika saa nne na nusu

Jana tulipumzika. Leo ratiba yangu ilianza saa mbili kamili asubuhi, ikafa saa nne na nusu.

Tulianzia Pembe za Ndovu kwa sababu kila mtu anazijua kwenye picha. Ni pembe za bati, zilipandishwa miaka ya 1950 kumpokea mgeni wa kifalme kutoka Uingereza. Swabra alikuwa ameahidiwa ndovu tangu Januari. Alizunguka nguzo moja, akazunguka ya pili, akauliza ndovu mwenyewe yuko wapi, na alipoambiwa hayupo akakaa chini kando ya barabara ya Moi na kulia. Magari yanapiga honi, mimi nina karatasi mkononi inayosema dakika arobaini.

Tukasogea kwa mguu hadi Mwembe Tayari, palipo na sanamu ya askari wa Kiafrika waliopigana Vita Vikuu vya Kwanza. Nilikuwa na mengi ya kusema hapo juu ya wapagazi waliokokotwa kutoka kila kijiji, wakafa kwa maradhi kuliko risasi. Nikasema, lakini kwa kupiga kelele, kwa sababu ya matatu. Aisha aliandika mstari mmoja. Athman alikuwa anahesabu tuktuk.

Marikiti, lile soko lililofunguliwa mwaka 1914, ndipo goti la Mama lilipogoma. Tukamkalisha kwenye gunia la muuza viungo. Mwenye duka hakukasirika, alimletea maji na kuanza kumuuliza habari za Amu. Wakakaa wanazungumza juu ya bei ya iliki. Nilitazama saa, nikatazama orodha, tumebakiza sehemu kumi na moja.

Nikaikunja ile karatasi. Mama akapanda tuktuk na Swabra, tukarudi Kibokoni kula viazi vya karai. Dawa ya kuchua goti: 850, duka la kwanza tulilolikuta.

Nililojifunza: joto la Mombasa mjini si la Amu. Kwetu vichochoro ni vyembamba, kivuli kipo mchana kutwa, na ukichoka kuna baraza ya mtu. Huku barabara ni pana, zimejengewa magari, na mtembea kwa miguu ni mtu wa ziada. Ratiba mpya ni sehemu moja kwa siku, saa mbili hadi saa nne na nusu asubuhi, kisha kitu kidogo baada ya alasiri. Maswali thelathini nimeyafuta. Limebaki la Athman.

13 Agosti. Ngomeni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mradi ulipopata maana yake.

Nje ya ngome tulizingirwa na vijana wa kuongoza wageni. Wa kwanza alitutajia bei ya Wazungu. Wa tatu alimwona Mama, akampa shikamoo, akauliza goti au nyonga. Tukamchukua huyo. Yeye na viingilio vyote, kwa bei ya raia, vilikula 2,900.

Nilimwambia jambo moja kabla ya kuanza: tutafutie kivuli kwanza, historia baadaye. Akacheka, lakini akaelewa. Tukapita lango, tukapanda ule mteremko taratibu, akamweka Mama kwenye ubao chini ya mti, na sisi sote tukakaa kumzunguka. Kisha akasimulia ngome nzima tukiwa tumekaa. Baadaye watoto wakaenda kukimbia na kuvigusa walivyosimuliwa, wakirudi kwa Bibi yao kila baada ya dakika chache kumwambia. Anayetaka kuiga kitu kimoja tu katika shajara hii, aige hiki.

Ya kawaida nayapitisha haraka. Ngome ilianza kujengwa na Wareno 1593, mchoro ni wa Mtaliano Cairati, na ukiitazama kutoka angani inafanana na mtu aliyelala. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Mama alipolisikia hilo akatikisa kichwa: Ngome ya Amu nayo ilikuwa jela mpaka 1984, na yeye anamkumbuka mtu aliyempelekea chakula mle. "Kila mahali mtawala akiingia," akasema, "anaona nyumba ya watu, anaiona ni jela." Kwenye jumba la maonyesho kuna vyombo vilivyotolewa baharini kutoka meli ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama hapo mbele mwaka 1697. Baba Aisha alisimama hapo kuliko kwingine kokote, akimhurumia nahodha mwenzake.

Meli ile ilikuja kuwaokoa waliozingirwa. Waarabu wa Oman waliizunguka ngome Machi 1696, na hawakuingia mpaka Desemba 1698. Miezi thelathini na tatu. Ndani watu walikufa kwa tauni na njaa. Kijana akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema, kwamba katikati ya mwaka 1697 Wareno walikuwa wamekwisha kabisa, na ngome ikabaki mikononi mwa Mswahili mmoja na jamaa zake kumi na saba, wanaume wanane wengine na wanawake hamsini. Na yule Mswahili alikuwa Daud, mwana wa watawala wa Faza.

Mume wangu alikuwa anafungua chupa ya maji. Akaacha.

"Faza ipi?"

"Faza ya Pate, mzee. Huko kwenu Lamu."

Athman alirukia hapo hapo. "Baba! Kumbe sisi tulikuwa na Wareno!"

Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika goti. Utani wa watu wa Amu na watu wa Faza ni wa tangu na tangu, na hii ilikuwa zawadi. "Nilimwambia marehemu baba yako," akanielekea mimi, "huyu mchumba mchunguze."

Baba Aisha hakucheka. Anayajua ya Faza, kwa sababu wazee wa kwao hawayasahau. Mwaka 1587 Wareno waliiteketeza Faza, wakaua watu bila kuchagua, wakakata hata minazi. Alilisema hilo polepole, akimtazama Athman, kisha akasema, "Miaka mia na kumi baadaye mtu wa Faza anawalindia ngome yao. Sasa niambie wewe, kwa nini?"

Kijana wetu akasema Faza na Pate walikuwa mahasimu, na Pate walikuwa na Waoman. Mtu huenda kwa adui wa jirani yake. Maelezo mazuri. Lakini Aisha aliuliza la wale wanawake hamsini, ni akina nani, na walitaka upande gani, na hapo hakuna aliyekuwa na jibu. Aliandika kurasa tatu. Sikumwomba.

Athman alitaka kujua kama wanaweza kuwa babu zetu. Baba yake akamjibu kwamba Faza ni ndogo.

Usiku huo kwa Dada hapakulalika. Shemeji ni mtu wa Mvita kindakindaki, taifa lake ni mojawapo ya yale Thenashara Taifa, makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na aliposikia tumetoka Ngomeni akaweka sahani ya biriani chini na kusema sasa tulipane deni la Shela. Watu wake waliachwa mchangani bila kuzikwa! Mama akamjibu kwamba hawakualikwa. Akamtaja Muyaka, kwamba Mombasa walikuwa na malenga mkubwa hivyo na bado wakapigwa, na kwamba Amu walikuwa na Bwana Zahidi Mngumi wa kumjibu shairi kwa shairi. Shemeji akasema mashairi walishinda wao. Mama akakubali mashairi, akakataa vita. Watoto wa pande zote mbili walisikiliza hadi saa sita, na hakuna aliyegusa simu.

14 Agosti. Mji wa Kale, kwa mwendo wa Mama

Leo Mama alitangulia, sisi nyuma, na pale alipotaka kukaa tulikaa. Tulitumia saa mbili kwa umbali ambao ningeutembea kwa dakika kumi na tano.

Ndia Kuu, yaani njia kuu, ilimfurahisha kwa kibao chake tu. "Ndia! Wanasema ndia kama sisi." Milango ya nakshi aliikagua mmoja mmoja kama mnunuzi: huu ni wa kwetu, huu mkono wa Mhindi, huu fundi alikuwa na haraka. Roshani za mbao zilizotokeza nje hakuzipenda, kwa sababu kwetu nyumba haijionyeshi njiani. Jicho la Mama ni kali, na nimejua kwamba miaka yote nilikuwa natafuta mwongozi wa nyumba za Waswahili hali analala chumba cha chini kwangu. Tulipofika Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, aliutazama mnara wake kutoka nje na kuhesabu kwa vidole: ngome ilikuja baadaye. Akarudia kwa sauti ili Athman asikie. Msikiti kwanza, ngome baadaye.

Kosa la siku: niliwavalisha watoto viatu vipya. Malengelenge mawili.

Bandari ya Kale ilikuwa kimya. Majahazi mawili tu. Ibn Battuta alipita mji huu 1331, akaona watu wenye dini na misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na vyombo vilipanga foleni hapo karne nyingi baada yake, mpaka reli ilipoanza 1896 na Kilindini ikachukua kazi yote upande wa pili wa kisiwa. Baba Aisha alipata nahodha wa kuzungumza naye na tukampoteza kwa saa nzima.

Karibu na hapo ni Nyumba ya Leven, na mbele yake zile ngazi za kushukia majini. Nilipanga kuipita. Aisha akakataa. Amesoma kibao na kuunganisha mwenyewe, nami naandika alivyonieleza: Mombasa walishindwa Shela, Amu, kwa kuogopa watarudi, wakamwita Seyyid Said wa Oman, ngome yetu ikajengwa, ikakamilika 1821, Mazrui nao wakaogopa Said atawafikia, ndiyo maana 1824 Kapteni Owen alipotia nanga na manowari Leven wakaomba bendera ya Uingereza, bendera ikakaa miaka miwili tu ikateremshwa, na 1837 Said akaichukua Mombasa. "Kwa hiyo Mama, ile ngome tunayopita kwenda sokoni, na hii nyumba, ni ugomvi mmoja."

Nilikuwa nimetenga dakika arobaini kwa jambo hilo, na nisingelifika.

15 Agosti. Kurudi

Basi, vizuizi, kipochi shingoni, boti. Hakuna la kuandika isipokuwa Swabra alitapika Garsen. Bebeni mifuko.

17 Agosti. Hesabu

Basi kwenda na kurudi 17,000. Boti 1,500. Tuktuk mjini 2,600, na zaidi ya nusu ni za ile siku ya kwanza ya kipumbavu. Chakula, pamoja na sehemu yetu jikoni kwa Dada, 9,400. Zawadi za Dada, ng'onda, achari na doti ya kanga, 3,500. Hizi hazikuwamo kwenye bajeti kwa sababu Dada hakuwamo. Ngomeni 2,900. Maji 600, dawa 850, daftari na kalamu 450. Amana iliyopotea 4,000. Jumla 42,800. Tumepitisha bajeti kwa 7,800, na Baba Aisha amezifidia kwa safari mbili za Kiwayu ambazo bado anazitaja.

Ningelirudia, ningempigia Dada kwanza. Hapo peke yake nimeokoa 4,000 na aibu. Tuktuk ningezikata nusu. Zawadi ningeziongeza.

Kibubu kilivunjwa kwa nyundo, kama inavyotakiwa. Ndani tulikuta kifungo cha shati na noti ya 50 iliyoandikwa "ndovu".

24 Agosti. Nyongeza: Shela

Athman ameomba twende, na kwa kuwa ni boti ya baba yake gharama ni mafuta tu, 400. Tulikwenda maji yakiwa yanakupwa, makusudi. Mama alikaa kwenye baraza ya mtu anayemfahamu karibu na msikiti, akasema mchanga ule hautembei.

Baba Aisha alizima mashine, akawaonyesha watoto jinsi maji yanavyotoroka. Pale boti ilipoelea saa sita, saa nane ulikuwa unaona mgongo wa mchanga. Akawaambia wajifikirie wamebeba mikuki, wamekuja na jahazi zito, hawaujui mlango huu, na nyuma yao watu wa Amu wanakuja mbio. Swabra akaanza kukimbia. Athman hakukimbia. Alisimama pale penye maji ya vifundoni akauliza kama watu wa Faza walikuwamo kwenye yale majahazi ya Pate.

"Huenda," baba yake akasema.

"Na Bibi alikuwa huku juu."

"Watu wa Bibi."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa pande zote mbili."

Baba yake alimwambia ashike kamba, boti inakwenda kukaa. Tulisukuma sote, maji magotini, na tuliondoka kwa shida.

Jioni simu ya Dada. Shemeji anataka kuja Desemba na watoto wote wanne, kuyatazama makaburi yasiyokuwako ya wazee wake, na baada ya hapo Baba Aisha amewaahidi kuwapeleka Faza. Nimeagiza kibubu kingine. Shemeji alichukua simu mwenyewe, akaniuliza swali moja tu: kwenu ngazi ngapi?

Nimezihesabu. Ishirini na sita. Bado sijamjibu.